Koki Niliyoiziba

Kwa Dada yangu mpenzi, mkubwa wangu na kiranja wangu wa milele,

Pokea salamu, tena pokea kwa mikono miwili maana ni nzito. Habari za siku nyingi? Habari za kazi, za jirani zako wapiga kelele, na za huo mgongo unaokusumbua ukikaa sana kwenye cherehani? Naomba uwe mzima, tena mzima wa kuweza kusafiri. Mimi mdogo wako sijambo, nakula, nalala kidogo. Baba naye anasema hajambo. Hilo neno "anasema" liweke pembeni kwanza, tutalirudia.

Najua ukiiona bahasha utacheka, utasema kuku amekanyaga wino tena. Cheka tu. Mwandiko wangu haujabadilika tangu enzi zile Baba alipokuwa akiinua daftari langu juu, analigeuza huku na huku, anauliza kama hiyo ni hesabu au ramani ya kwenda kuzimu. Mimi niliacha shule kwa sababu shule ilikuwa inanichelewesha, na leo hii hapa gereji hakuna anayegusa injini ngumu kabla ya kuniuliza mimi. Wananiita Spana. Wewe endelea kuniita hilo jina lako la utotoni, lakini usilitaje mbele za watu.

Nimekupigia simu mpaka kidole kimeota sugu. Yule mama wa kwenye simu ananijibu kwa heshima zote kwamba hupatikani, na nadhani tumeshakuwa marafiki sasa, bado kuposana tu. Ndiyo maana nampa barua hii dereva wa lori la saruji anayepita kwenu kesho. Ni mtu mwema ingawa ananuka vitunguu. Nimemwambia akuwekee mkononi, asimwachie mtu. Na wewe nakuomba uisome hapo hapo ulipo, hata kama umesimama. Usiiweke chini ya mto kama ulivyozoea, ukasubiri siku ya mapumziko.

Basi sikiliza. Lile basi la shule unalijua, lile analoliendesha Baba, ambalo alikuwa analiosha vizuri kuliko alivyotuosha sisi. Tangu mwanzo wa muhula huu lilianza kukosa maji. Baba analiacha jioni bandani likiwa limejaa, asubuhi anafungua kifuniko cha rejeta anakuta maji yako chini kabisa. Injini ikichemka, safari inavunjika, watoto wanapangwa mstari wanatembea kwa miguu. Mara ya kwanza Mwalimu Mkuu alicheka. Mara ya pili alikohoa. Baadaye akaleta basi gerejini kwetu mwenyewe, amekaa kiti cha mbele na mkoba wake mapajani, akasema anataka kuonyeshwa hayo maji yanaenda wapi.

Bosi alinitazama, akasema gari la baba yako hilo, hebu tuone hicho kichwa chako kinafanya kazi au kinabeba kofia tu. Dada, nilifurahi kama niliyeitwa kupokea zawadi. Nikawaambia wenzangu wote kwamba kabla ya chakula cha mchana nitakuwa nimeushika huo uvujaji kwa masikio.

Nikafanya kila kitu kwa utaratibu wake. Nilisubiri injini ipoe kwanza, maana kifuniko cha rejeta yenye moto hakifunguliwi na mtu anayeupenda uso wake. Nikapapasa mpira wa juu na mpira wa chini, nikaubinya kila mmoja kutafuta ufa. Nikamulika tochi kwenye pampu ya maji, nikaangalia kama kuna alama ya kutu iliyotiririka. Nikavuta stiki ya oili nikaikagua, maana maji yakiingia kwenye oili inageuka kama chai ya maziwa. Ilikuwa nyeusi safi. Nikawasha injini nikaenda kusimama nyuma, nikanusa moshi wa eksozi kama mpishi anayeonja mchuzi. Hakuna mvuke, hakuna harufu. Wenzangu wakauliza kama nataka na sahani.

Mwisho nikaleta pampu ya mkono yenye saa ya kupimia. Hii unaifunga kwenye mdomo wa rejeta, unapiga pumzi ndani, halafu unautazama mshale. Ukishuka, kuna mahali panavuja. Ukitulia, hapavuji. Dada, ule mshale ulikaa pale pale kama mgeni asiyetaka kuaga. Nilikwenda kula nikarudi nikaukuta umekaa vile vile. Nikatandika maboksi makavu chini ya basi, yakabaki makavu. Nikamrudishia Baba basi likiwa limejaa maji, kesho yake asubuhi maji hayapo tena.

Nilipomuuliza Baba anaonaje, alisema gari limechoka kama yeye, na mtu akichoka aachwe apumzike. Nikamwambia gari halichoki, Mzee, gari linaharibika, na lililoharibika linatengenezwa. Akanyamaza. Ningekuwa na akili ninazojisifia, ningeusikiliza ule ukimya wake.

Baada ya hapo maisha yangu gerejini yakawa mabaya. Wakaniita Daktari wa Maji. Nikipita wanajifunika miavuli. Mmoja alinishauri nilale chini ya basi na mdomo wazi. Bosi yeye hakucheka. Alisema Mwalimu Mkuu anataka kulipeleka basi kwa fundi mwingine, na likienda, nami niende nalo nikawe taniboi wake, maana gereji ni ya mafundi, si ya wapiga domo. Nikaona jina langu lote linamwagika chini bila hata boksi la kulikinga.

Ndipo nikakumbuka ujanja mmoja. Ukitia rangi kwenye maji ya rejeta, yakitoka yanaacha alama mahali yalipopita, hata kama ni tundu dogo la sindano. Nikaenda kwa jirani yetu fundi wa kuchovya nguo, nikamwomba rangi ya bluu, ile iliyokolea ambayo ikikugusa mkono hata sabuni inaiogopa. Nikaimwaga yote ndani ya rejeta, nikafunga, nikanyamaza. Sikumwambia mtu, hata Baba sikumwambia. Nilitaka niwashangaze wote kwa pamoja.

Kesho yake basi lilirudi gerejini kutoka bandani, maji yamepungua tena. Nikaingia chini ya basi na tochi. Nikakagua mipira, pampu, kila kona ya injini. Hakuna bluu. Nikarudi mbele, nikalala chali chini ya rejeta, na pale kwenye mdomo wa koki ya kumwagia maji, ile ndogo ya kuzungusha kwa mkono, nikaliona tone moja limekauka. La bluu.

Dada, nilipiga kelele mpaka Bosi akadhani jeki imeniangukia. Nikawaita wote waje waone. Ukweli ni kwamba mshale ulikuwa umeshaniambia kuwa ile koki haivuji. Lakini nani alikuwa na muda wa kuusikiliza mshale wakati watu wananipigia makofi? Nikasema koki imelegea, basi likitikisika inafunguka yenyewe. Nikaing'oa nikaitupa. Mahali pake nikaweka kizibo cha shaba nikakipiga lehemu kuzunguka pande zote, lehemu ya kung'aa, kazi safi ambayo ningeweza kuivisha shingoni. Mwalimu Mkuu alipokuja na Baba nikamwambia kwa sauti, ili na jirani wasikie, kwamba basi hili halitapoteza tone mpaka mimi nipate wajukuu.

Alifurahi sana yule mzee. Papo hapo akamgeukia Baba akasema sasa Mungu ametufungulia njia, Jumatatu kwaya ya watoto itakwenda kwenye mashindano ng'ambo ya mlima, na hakuna wa kuwapeleka ila yeye. Wewe, Dada, barabara ile unaijua. Kona juu ya kona, upande huu ukuta wa mawe, upande ule hakuna kitu.

Baba alikuja polepole mpaka mbele ya rejeta, akainama, akapitisha vidole juu ya lehemu yangu, nami macho yangu yote yako kwenye lehemu. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama inaweza kufunguka tena. Mimi nikacheka, nikamwambia labda aje na patasi na nyundo. Akasema, "Umefanya kazi nzuri, mwanangu." Nikadhani ananisifu.

Tulirudi nyumbani mchana ule kula. Mimi natembea mbele nimevimba, nasalimia hadi mbuzi. Nikamwagia Baba maji ya kunawa. Akakunja mikono ya shati, akanyoosha viganja.

Vilikuwa vya bluu, Dada.

Vidole vyote, kuanzia kwenye kucha mpaka kwenye mikunjo, na mstari mmoja ulioteremka hadi kwenye kiwiko. Alinawa taratibu, akajifuta kwa taulo jeupe, akamega mkate kwa mikono ile ile akaanza kula, ananiuliza mbona sili. Nikatazama mlangoni nikaiona ile ndoo yetu ya njano. Ndani ilikuwa na duara la bluu lililokolea kama limechorwa.

Mwanzo nilielewa jambo moja tu, kwamba ni yeye. Ni Baba aliyekuwa anafungua koki kila alfajiri, anakinga maji kwa ndoo, anakwenda kuyamwaga nyuma ya banda. Nikapanda hasira. Nikataka kumuuliza kama alikuwa anafurahi mwanawe kuitwa Daktari wa Maji. Mdomo ukafunguka. Halafu nikaitazama tena ile mikono inayomega mkate, na jambo la pili likaniingia. Mtu gani anamwaga maji ya bluu, mikono inakuwa ya bluu, ndoo inakuwa ya bluu, taulo analojifutia linakuwa la bluu, naye asishtuke?

Nikainua kikombe changu nikakishika hewani mbele ya uso wake. Sikusema neno. Aliendelea kutafuna. Nikakisogeza kushoto, nikakisogeza kulia. Akaniuliza tena, safari hii kwa upole, mbona nimenyamaza hivyo.

Dada, Baba haoni.

Nilipomwambia habari ya rangi, aliweka mkate chini, akainua mikono karibu kabisa na uso, akaigeuza mbele na nyuma. Akasema yeye anaiona mikono tu. Halafu akanieleza. Jicho moja limekwisha siku nyingi. La pili anaona kama anavyoona mtu ndani ya gari wakati wa mvua, wipa zikiwa zimekufa. Hapa mjini amekuwa akiendesha kwa mazoea, anajua kila tuta kwa makalio, anajua kituo kwa harufu ya duka la mikate. Nilimuuliza kwa nini sasa aanze kumwaga maji. Akasema siku moja mwanzoni mwa muhula, akirudi, aliona gunia limeangushwa pembeni mwa barabara, akalipita kwa karibu. Gunia likasimama. Alikuwa mtoto aliyeinama kuokota kiatu. Kioo cha pembeni kilimgusa mkoba mgongoni, mtoto akacheka, akaenda zake. Baba akaegesha basi mbele, akashindwa hata kuzima injini. Kuanzia hapo, kila alfajiri aliyohisi macho ni mabaya, alifungua koki.

Nikamwambia aende akaseme. Akaniuliza aseme kwa nani, na akishasema alale wapi, maana hivi vyumba viwili ni vya dereva wa shule, na humu ndimo Mama alimofia. Nikamwambia huenda ni mtoto wa jicho tu, kitu cha kutolewa na daktari, akaona tena. Akasema mimi ni fundi wa magari, si wa macho. Nilipiga magoti, Dada, mimi huyu unayenijua. Akaniambia niinuke, nisichafue suruali. Kisha akasema neno ambalo linanizunguka kichwani kama feni. Alisema ile koki ndiyo ilikuwa namna yake ya kusema, na mimi nimeipiga lehemu. Sasa Jumatatu ataendesha, kona zile anazijua kwa mikono, na Mungu yupo. Akaniapisha kwa jina la Mama nisimwambie Mwalimu Mkuu wala Bosi. Nikaapa. Jina lako hakulitaja, ndiyo maana nakuandikia.

Sasa nikuambie nililofanya leo, ulijue wewe wa kwanza. Mchana Bosi alipokwenda kula, nimeingia na kisu chini ya basi, lililoletwa kukaguliwa kabla ya safari. Nimeukata mpira wa chini kwa upande wa nyuma ambako hakuna anayechungulia, sikuupasua wote, nimeuacha na ngozi nyembamba. Mimi, bingwa wa kutafuta uvujaji, nimelala chini natengeneza wa kwangu. Hesabu yangu ni kwamba Jumatatu injini ikipata moto pale uani shuleni, wakati watoto wanapanda, mpira utapasuka, maji yote yatamwagika pale pale, na safari itakufa.

Lakini nimetoka chini ya basi nikakaa juu ya tairi, na hesabu ikaanza kuniruka. Fundi yeyote anabadilisha mpira kwa muda mfupi kuliko kunywa chai, na Bosi akiutazama uliokatwa atajua ni kisu, na kisu hicho ni cha nani. Hilo la kazi silijali tena. Linaloninyima pumzi ni jingine. Mpira hauna adabu. Nimeukata nikidhani utapasuka uani. Je, ukivumilia? Ukipita geti, ukapita mji, ukapasukia kule juu kwenye kona, mvuke ukafunika kioo cha mbele, watoto wanaimba, na kwenye usukani yuko mtu asiyeona hata mvuke wenyewe? Nataka kurudi kuuvua ule mpira niweke mzima. Nikiweka mzima, basi linakwenda mlimani. Nikiacha uliokatwa, labda linakwenda mlimani likiwa bovu. Nimezunguka hapo tangu mchana kama mbwa aliyefungwa kwenye mti, kamba imekwisha na shingo iko pale pale.

Njoo, Dada. Acha nguo za watu zisubiri, sema umefiwa, sema lolote. Panda gari Jumamosi, Jumapili uwe hapa. Wewe ndiye uliyemwachisha sigara kwa neno moja, mimi nimemwambia maneno mia ananiambia nisichafue suruali. Usije na ukali. Kaa naye, mshike ile mikono, mwende wote wawili kwa Mwalimu Mkuu aseme mwenyewe kwa mdomo wake, halafu tumpeleke kwa daktari wa macho. Habari ya kulala tutajua, mimi nina mgongo mpana.

Na kama Jumapili jua likizama hujafika, sitakulaumu, lakini ujue nitakalofanya. Jumatatu asubuhi nitasimama mbele ya basi, watoto wakiwa ndani na Baba kwenye usukani, nami nitasema yote kwa sauti ile ile niliyojisifia nayo. Kiapo cha Mama nitakivunja hapo. Najua Baba hatanisamehe. Najua pia hataniona nilivyolia, na hilo nalo silijui kama ni afueni.

Nisalimie jirani zako. Mwambie yule mwenye nyumba wako kwamba siku nikija nitatengeneza lile gari lake, sijisifu, ni kweli tu.

Nilikuwa nataka kufunga hapa, lakini Baba ameingia sasa hivi. Ameuliza naandika nini. Nimemwambia ni salamu zako. Amekuja akaegemea bega langu, akaweka kidole kwenye karatasi hii, ukurasa wa tatu, katikati, juu ya ule mstari mfupi unaosema Baba haoni. Utaiona alama ya bluu, maana alikuwa ametoka kunawa. Ameupitisha uso taratibu kama mtu anayesoma, kisha amenipigapiga mgongoni, amesema sasa mwandiko wangu umenyooka.

Anakusalimu. Anasema hajambo.

Ni mimi mdogo wako anayekusubiri,
Spana